Kunyolewa Bila Maji

Kinyozi wangu ana tabia mbaya. Akijua kesho kuna dabi ya Gor Mahia na AFC Leopards, ananyoa upande mmoja wa kichwa, anazima mashine, kisha anaanza mazungumzo. Huwezi kuinuka ukaenda. Utaendaje na nusu ya nywele? Utapita wapi pale Barabara ya Jogoo usionekane?

Kibanda chake kiko Makongeni. Mabati yake yamepakwa buluu na nyeupe, na ukimuuliza atakuambia rangi ilibaki kazi fulani ya shule, akaonelea isiharibike. Hakuna anayemwamini. Ndani kuna kioo chenye ufa, bango la mitindo ya nywele ambalo sijawahi kuona mteja akichagua chochote humo, na picha ya kikosi cha AFC Leopards iliyokatwa gazetini miaka ya themanini. Wino umefifia hadi wachezaji wote wanafanana, kipa na mshambuliaji, lakini yeye huwataja mmoja mmoja kwa kidole.

"Umefanya vizuri kuja leo," akaniambia Jumamosi hiyo, mashine imezimwa, mkono kiunoni. "Kesho nyinyi mnanyolewa bila maji. Afadhali mmoja wenu aanze kuzoea."

Kibanda kikaangua kicheko. Walikuwamo watu sita, na nijuavyo mimi wawili tu ndio waliokuja kunyolewa.

"Paka atamnyoa nani?" nikamjibu. "Paka kazi yake kujilamba."

Hawakucheka sana, lakini walicheka. Kinyozi akawasha mashine karibu kabisa na sikio langu, akaiacha ingurume hapo bila kugusa unywele. Hapo nikajua imemwingia.

Kwa msomaji asiyekaa Nairobi: AFC Leopards ni Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya, na shabiki wa Gor Mahia hawezi kumtaja chui huyo bila kumpunguza mwili. Ni paka. Sisi wa Gor nao hutuita samaki. Tukifungwa tumekaangwa, tukitoka sare tumewekwa kwenye barafu, na mchezaji wetu akiwa mwembamba ni omena. Mambo haya yamesemwa tangu kabla sijazaliwa, na kila mwaka yanasemwa kana kwamba yamebuniwa asubuhi hiyo.

Dabi yenyewe inaitwa ya mashemeji. Abaluhya United, ambayo leo ni AFC Leopards, iliundwa mwaka 1964 na jamii ya Waluhya wa hapa mjini, na Gor Mahia ikazaliwa 1968 kwa kuunganisha timu za Waluo. Jina lenyewe ni la mganga maarufu wa Kanyamwa, Gor wa ukoo wa Ogalo, ndiyo maana tunajiita K'Ogalo. Jamii hizi mbili zinapakana kule magharibi na zimeoana hadi ukoo haujulikani unapoishia. Kwa hivyo neno shemeji si la mapambo. Ingia uwanja wa Nyayo siku ya dabi, uliza upande wa kijani ni wangapi wenye wajomba upande wa buluu. Utahesabu mikono hadi mapumziko.

Mimi mkono wangu uko juu. Baba ni Mluo wa Siaya, mama ni Mluhya wa Vihiga. Siku za kawaida kinyozi huniita mwiwa, yaani mtoto wa dada yao, na kwao mtoto wa dada ana heshima yake. Wiki ya dabi heshima inafungiwa kabatini. Naitwa shemeji, na kwa sauti anayolitamkia neno hilo unaweza kudhani ni ugonjwa wa ngozi.

Mtoto wa mtaa wa Nairobi hafundishwi tambo na mpira. Anafika uwanjani tayari amehitimu kwenye mchongoano. Sisi tulikuwa tunachongoana jioni, tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa karo la kufulia, wawili katikati na wengine kuzunguka kama mahakama. "TV yenu ni ya zamani hadi refa akipuliza filimbi leo nyinyi mnaisikia kesho." Mwenzako anajibu papo hapo, na akikawia anahesabiwa. Kanuni hazikuandikwa mahali, lakini kila mmoja alizijua. Ukikasirika umeshindwa. Ukilia umeshindwa mara mbili. Ukirusha ngumi hutaitwa tena, na huko kutoitwa kulikuwa adhabu kuliko ngumi yoyote.

Kanuni nyingine niliielewa ukubwani. Hukuweza kuchongoa ukaenda zako. Lazima ukae pale ukutani uchongolewe nawe. Aliyetupa neno akakimbilia nyumbani kwa kisingizio cha kuitwa na mama alikuwa mwoga, hata kama neno lake ndilo lililochekesha kuliko yote.

Baba na mjomba wangu mkubwa, kaka yake mama, waliichukua kanuni hiyo hadi ikawa dini.

Gor ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 1995, kisha ikakauka. AFC ikauchukua 1998. Januari ya 1999 mjomba akatoka Jericho hadi kwetu Kaloleni, kwa miguu, na kalenda kwapani. Ilikuwa kalenda ya kawaida ya duka la jumla, yenye picha ya mlima na maji ambao haupo popote Kenya. Akamkabidhi baba kwa mikono miwili, kwa adabu zote za ukweni. "Shemeji, nimekuletea kitu cha kuhesabia."

Baba akaipokea kwa mikono miwili vilevile. Akashukuru. Mama akaleta chai. Hakuna aliyecheka mpaka mjomba alipofika mlangoni akiaga, ndipo baba akasema, taratibu, kwamba mlima kwenye picha ni mzuri, unamkumbusha jinsi AFC ilivyo mbali na Afrika. Maana hilo ndilo lilikuwa kombora la Waluo wote wa umri wake: mwaka 1987 Gor ilichukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia, sare ya 2-2 huko Tunis na 1-1 Kasarani, ikapita kwa mabao ya ugenini, na hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara. Mjomba alikuwa na jibu la hilo pia. AFC ilibeba Kombe la CECAFA, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, na hilo la 1984 ilimnyang'anya Gor mkononi kwenye fainali. Naye baba alikuwa na jibu la jibu, kwamba 1985 Gor ililipiza kwenye fainali ya kombe hilohilo dhidi ya AFC hiyohiyo. Wangeweza kuendelea hivyo hadi chai ipoe, na mara nyingi ilipoa.

Januari iliyofuata mjomba akaja tena na kalenda. Na iliyofuata. Mwaka mmoja alikuwa na mguu mbaya, akapanda matatu, lakini alishukia kituo cha mbali ili aonekane akitembea nayo. Baba hakutundika hata moja. Aliziviringisha, akaziweka juu ya kabati la nguo. Sisi watoto tulidhani anaona haya.

Mwishoni mwa 2013 Gor ikachukua ligi baada ya miaka 18. Mji ulikuwa wa kijani. Watu walishuka hadi Moi Avenue kwenye sanamu ya Tom Mboya, kama mashabiki wa Gor wanavyofanya wakiwa na furaha au wakiitafuta, wakaimba hadi sauti zikaisha. Baba hakwenda. Aliburuta kiti hadi kwenye kabati, akateremsha kalenda zote 15, za 1999 hadi 2013, akazipangusa vumbi moja moja, akazifunga kwa utepe wa kijani uliokuwa kwenye sanduku la cherehani la mama. Mama alimuuliza mara mbili kama ana akili timamu. Akavaa koti. Mimi nilimsindikiza kwa sababu nilitaka kuona.

Tulitembea hadi Jericho. Mjomba alifungua mlango kabla hatujabisha, maana alikuwa anatungoja tangu filimbi ya mwisho, na amevaa shati safi. Baba akanyoosha mikono miwili.

"Shemeji, nimekurudishia vitu vyako. Utavihitaji."

Sijui jinsi ya kukieleza kicheko cha mjomba siku hiyo. Alikaa chini pale pale kizingitini. Alicheka hadi shangazi akatoka jikoni na mwiko, akidhani mtu ameanguka.

Nimefikiria sana jambo hilo kila nikisikia watu wakilalamika kwamba mpira wetu umejaa matusi. Tambo ni mkopo. Unasema leo, kwa sauti, mbele ya mashahidi, halafu dakika tisini zinaamua nani anamdai nani. Lakini mkopo una maana pale tu mdai anapojua nyumba yako. Mjomba alikaa miaka 15 akijikopesha, na siku ya malipo hakuzima simu. Alivaa shati safi.

Wenzetu wa Dar es Salaam wamelifanya jambo hili kuwa ajira. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zina wasemaji wanaolipwa mshahara wa kutambiana, na mikutano yao na wanahabari kabla ya mechi hutazamwa kuliko mechi nyingi za ligi yetu. Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0, na kwa miaka shabiki wa Simba hakuhitaji kusema neno, alikuinulia kiganja tu. Novemba 2023 Yanga ikashinda 5-1, kiganja kikarudi kilikotoka. Simba wakafukua la 1977, bao sita kwa bila, ambalo wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Mwaka 2021 Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba, alihamia Yanga. Hebu fikiria kufika kazini siku ya kwanza ukakuta maneno yako yote yamekutangulia, yamekaa kwenye viti, yanakungoja.

Wao wanaitana watani wa jadi, na nadhani neno hilo limebeba zaidi ya shemeji wetu. Mtani kwa desturi ni yule anayeruhusiwa kufanya mzaha hata msibani, na anaruhusiwa kwa sababu ni wajibu wake kuwepo msibani.

Kwetu Nairobi klabu zenyewe zimekuwa baridi. Sikiliza kocha siku mbili kabla ya dabi: tunawaheshimu wapinzani, hii ni mechi kama nyingine, tunataka pointi tatu. Mechi kama nyingine! Watu wameacha harusi kwa ajili yake. Wachezaji nao wengi hawatoki tena mitaani kwetu, wamesajiliwa juzi, hawajui kalenda wala omena, na siwalaumu. Kazi ya kutambiana imeachiwa sisi wa kwenye jukwaa, na wale wa ngoma. Ngoma ya isukuti ya Waluhya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, inalindwa vizuri sana upande wa AFC kila dabi. Ukiwa upande wetu inakuingia kifuani kabla haijafika masikioni. Ni tambo isiyo na neno hata moja, na haina jibu. Vuvuzela zetu ni kelele tu, nasema hivyo nikiwa wa kijani.

Sehemu kubwa ya ulimi wa mji huu siku hizi imehamia Uingereza. Jumamosi jioni pita kwenye banda lolote la kuonyesha mpira, utakuta watu wawili wa plot moja wakivunjiana heshima kwa ajili ya Arsenal na Manchester United. Sina neno, mimi pia nina yangu huko. Lakini ile si tambo kamili. Mimi sina mjomba Manchester.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Majina ya timu hizi yalishawahi kuonekana hatari. Mwaka 1980, serikali ilipotaka klabu ziache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Gor ikajibandika Gulf Olympic Rangers ili herufi zibaki. Kila mtu alielewa ujanja huo na hakuna aliyeliita hivyo mtaani. Hofu yenyewe, hata hivyo, haikuwa ya kijinga. Machi 2012, Nyayo, mchezaji wetu alionyeshwa kadi nyekundu kwenye dabi na upande wetu, wa kijani, ukaanza kung'oa viti na kuvirusha. Mechi ilisimama kwa karibu nusu saa. Viti haviongei. Yaliyokuwa yakisemwa kabla ya mechi yalichekesha, na saa ile hakuna aliyekumbuka hata moja.

Mimi sikurusha kiti. Langu lilikuwa dogo na bado linanisumbua. Miaka michache iliyopita, Ijumaa usiku kabla ya dabi, kundi la WhatsApp la plot yetu lilikuwa limechangamka, na mimi nilikuwa nimeshiba kicheko cha watu. Mtu akisifiwa hupoteza breki. Nikaandika mzaha juu ya Waluhya na kazi ya ulinzi, ule mzaha wa zamani wa getini na tochi. Watu wakaweka vicheko vingi. Nikalala nimefurahi.

Mlinzi wa geti letu alikuwa kwenye kundi. Alikuwa ameingizwa ili watu wamuulize kama maji yamekuja.

Asubuhi alinifungulia geti. Kila siku alikuwa na la kuniambia, kuhusu tairi, kuhusu mvua, kuhusu Gor kuwa timu ya kukaangwa. Siku hiyo alifungua, akangoja nipite, akafunga. Wiki mbili hivyo. Geti letu lina komeo la chuma linalolia, na nililisikia kila asubuhi na kila jioni, likifunguka na kufungwa, bila neno katikati.

Kilichonichoma, nilipokaa nikawaza, ni kwamba hakuwa na la kunirudishia. Ukiniambia Gor imekaangwa, nitakungoja Jumapili. Nikikuambia kazi yako ni ya kuchekwa, utanijibia kwenye mechi gani? Hakuna dakika tisini zitakazolifuta lile. Na zaidi ya hapo, mimi ndiye nilipaswa kumpita kila siku nikiwa na gari, yeye akiwa na komeo. Kwenye ukuta wa karo tungesema nimechongoa mtu ambaye hakuketi.

Nilimwomba msamaha siku ya kumi na tano, vibaya, nikiwa na kigugumizi. Aliniangalia kidogo. "Sasa wewe," akasema, "unajua mimi si wa AFC hata? Mimi ni shabiki wa Gor." Akafungua geti. Nadhani hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na lilinipata barabara.

Basi narudi kwa kinyozi, maana kichwa changu bado ni nusu.

Tulikuwa tumefika kwenye majina ya wazee. Alikuwa amemleta Joe Kadenge, nyota wa zamani wa Abaluhya, kama wanavyomleta kila wakishikwa pabaya, na mzee mmoja kwenye benchi akaiga sauti ya redio, "Kadenge na mpira, Kadenge na mpira," hadi wote tukanyamaza kidogo bila kupanga. Mzee huyo ni wa Gor. Kuna majina ambayo hata sisi hatuyagusi, na uwanja wa City pale chini barabarani sasa ni wake kwa jina. Kisha mtu akauliza ilikuwaje mwaka 2021, klabu zote mbili zilipogoma kufika uwanjani kwa mechi yao ya ligi kwa sababu ya mvutano wa pesa na shirikisho.

"Siku hiyo tulikuwa ndugu," akasema kinyozi.

"Siku hiyo mliogopa," nikamwambia.

"Wewe kichwa chako kiko mkononi mwangu na bado unaongea." Akawasha mashine, na sasa akanyoa kweli, upande wa pili, polepole, kwa uangalifu ambao hajawahi kunionyesha wiki ya kawaida. Alinyoosha mstari wa mbele mara tatu. Akachukua ile chupa yake ya kunyunyizia, akaninyunyizia maji kichwani hadi yakashuka shingoni.

"Leo yapo," akasema. "Kesho hakuna."

Nikaingiza mkono mfukoni kutoa shilingi 100. Akausukuma mkono wangu.

"Utalipa Jumatatu."

"Nina pesa hapa."

"Najua unazo. Nataka uje Jumatatu."

Benchi zima likanitazama. Hata yule mzee wa Kadenge aliacha kutafuna njugu. Nikairudisha noti mfukoni, nikatoka juani, kichwa kikiwa kibichi, nikadaiwa.